Mkono wa Kupokea Mpira

"Kuna mtu anapigwa mle ndani," alisema Doña Crucita, bibi wa nyumba ya pili, bakuli la mbaazi mapajani, vidole vikibambua bila yeye kuangalia. "Kila alasiri, jua likipungua. Pu. Kimya. Pu. Na anayepigwa wala halii. Mtu asiyelia, Yaniris mwanangu, ujue ameshazoea."

"Labda jirani anatwanga kitu, Doña."

"Mwanamume anayeishi peke yake anatwanga nini? Upweke?"

Yaniris alicheka kwa pua, akamhamishia mwanawe Dariel kwenye titi la pili. Hakubisha. Umbea wa Doña Crucita ulikuwa kama chumvi: ukizidi unachefua, ukikosekana mtaa hauna ladha. Lakini Yaniris alijua kinachopigwa. Kamba yake ya nguo ilipita kando ya uzio wa mabati, na pale bati lilipopinda, ukisimama kuanika nepi unaona uwani kwa jirani mpaka ukutani. Kilichopigwa ni godoro. Godoro kuukuu lenye maua, limetundikwa kwa misumari, na katikati yake waridi moja kubwa jekundu. Aliyekuwa akilipiga ni Eligio Paniagua, na alilipiga kwa mpira wa besiboli.

Jina hilo mji mzima wa Baní ulilijua. Eligio alizaliwa katika nyumba ile ile ya mbao, na utotoni alirusha kila kilichoingia mkononi: soksi zilizoviringishwa, malimau mabichi, vifuniko vya chupa. Ndevu zilipoanza kumchungulia, wakaja watu wa timu za kaskazini na mashine zao za kupimia mwendo wa mpira, wakamchukua. Kule hawakumpa kazi ya kuanza mchezo. Walimfanya mrushaji wa akiba, yule anayeketi mbali nyuma ya uzio tangu mwanzo, koti begani, akingoja simu ya ukutani ilie. Ikilia, ujue mwenzake ameshaharibu: wapinzani wamejaa vituoni, tayari kukimbilia pointi, uwanja unazomea, na kosa si lake yeye. Hapo ndipo anaitwa. Aokoe au azame nao. Watu wakamwita Mzimamoto.

Alikuwa na mpira mmoja tu wa maana, yaani namna moja ya kurusha. Aliushika kati ya vidole viwili vilivyopanuliwa, ukatoka kana kwamba unakuja kifuani kwa mpigaji, kisha karibu na kufika ukaanguka ghafla, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Wapigaji wakubwa wakabaki wanakata hewa kwa magongo yao. Mpira huo ulimwekea mama yake bati jipya na sakafu ya vigae. Ukampeleka miji ya theluji ambako alikula peke yake mgahawani, akinyooshea kidole picha za vyakula kwa kuwa hakujua kuviita. Mama yake alikuwa hawashi redio mchezo unapoanza. "Wangu bado amekaa," alisema, akaendelea kukaanga ndizi. Aliiwasha mwishoni, mwanawe anapoingia, kisha akalala. Siku mama huyo alipofariki, Eligio alikuwa uwanja wa mbali, amesimama anapasha mkono moto. Wakamwambia keti, leo huhitajiki. Ndipo wakampa habari.

Mkewe, Nurys, alivumilia, kisha akabaki huko kaskazini na binti yao. "Wewe umezoea kungoja uitwe," alimwambia kwa simu. "Na mimi nimechoka kuita."

Timu zikawa zinapungua ukubwa, miji nayo inapungua taa. Ya mwisho ilikuwa Meksiko. Asubuhi moja alikuta kabati lake tupu na vitu vyake vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki na mzee mmoja anayefua jezi. Kocha hakutokea.

Ndivyo alivyorudi Baní, mvi masharubuni, nyumba imejaa viti visivyokaliwa. Na kitu kimoja tu kilimtoa kitandani kila siku. Timu moja ya mji mkuu ilikuwa inachagua watu wa michezo ya msimu wa Krismasi, na kocha wake, aliyecheza naye zamani, alimtumia salamu: njoo Jumatatu fulani, kama mpira wako bado unaanguka. Kama hauanguki, baki nyumbani, usije ukajiaibisha mbele ya watoto. Mwenye duka la kona aliisikia, na akiisikia mwenye duka wameisikia wote, isipokuwa Doña Crucita, aliyependa zaidi habari ya mtu anayepigwa.

Yaniris aliona tangu mwanzo. Mume wake alifanya kazi kwenye mahoteli ya mashariki na kurudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo alasiri zake zilikuwa ndefu, na kamba ya nguo ikawa dirisha lake. Mvua zilipokuwa hazijaanza, mpira ulikuja moja kwa moja kuelekea waridi, na yeye akishika nepi inayochuruzika akisema sasa, sasa, kumbe wapi. Ukaanguka, ukagonga pindo la chini. Waridi likabaki zima. Dariel, aliyekuwa kiunoni kwake, alicheka kila ulipoanguka, kicheko cha mtoto anayefichiwa uso na kufunuliwa. Mama na mwana wakawa wanakwenda kuanika hata nguo zisizo na haja.

Sijui ni wiki gani mambo yalibadilika. Hata Yaniris hakujua. Aliona tu siku moja kwamba waridi limechubuka. Halafu likachanika. Mpira ulikuja ukielekea waridi, na kweli ukapiga waridi. Dariel akatazama, akanyamaza, akaanza kuvuta hereni ya mama yake.

Alasiri moja Eligio alisogea kwenye uzio.

"Jirani, huna sindano? Godoro limeoza. Mvua hizi."

"Ninayo. Ila uzi ni mweusi."

"Hata huo. Halitakwenda kanisani."

Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, jitu zima, akashona waridi kwa mishono mirefu kama ya mvulana. Doña Crucita, aliyechungulia kutoka upande wake, hakulala na habari hiyo. "Sasa anamshona," aliwaambia watu dukani. "Kwanza anampiga, halafu anamshona. Huyo ndiye mwanamume wa siku hizi."

Jumamosi, Jumatatu ikiwa mlangoni, mishono ile ilikatika yote na pamba ikatoka. Yaniris alikuwa amemletea kahawa. Akampitishia kikombe pale bati lilipopinda. Eligio alikunywa amesimama, mkono wa kulia ukining'inia kama si wake.

"Mtoto wako alikuwa anacheka," alisema.

Yaniris alimpangusa Dariel mate kidevuni.

"Nilikuwa namsikia. Mimi siuoni mpira wangu, jirani. Nikiuachia, shingo inageukia kule, ndivyo nilivyoumbwa. Sijawahi kuuona ukianguka hata siku moja. Mdakaji ndiye alikuwa macho yangu, na hapa sina mdakaji. Kwa hiyo namsikiliza huyu. Akicheka, nasema, umeanguka. Siku hizi hacheki."

"Anaota meno," Yaniris alisema.

"Anaota meno." Alitabasamu, akamtazama Dariel aliyekuwa anatafuna ncha ya nepi. "Wewe una moyo mzuri. Utanifaa."

Akarudisha kikombe. Akaokota mpira, akaugeuza geuza kiganjani, vidole viwili vikipanuka vyenyewe kuushika.

"Kwetu mchezoni mtu hatolewi kwa maneno. Kocha anatembea polepole mpaka ulipo. Hakukaripii. Ananyoosha mkono, unamwekea mpira, unaondoka zako, na watu wanakupigia makofi hata kama uliharibu. Mimi mara ya mwisho hakuja mtu. Nilikuta mfuko. Ndiyo maana sijui kama nimetoka."

"Don Eligio..."

"Ngoja nimalize. Kesho nitarusha tena. Simama hapo hapo na nepi zako kama siku zote. Ukiuona unaanguka, endelea kuanika, na mimi Jumatatu napanda basi. Ukiona hauanguki, usinisemeshe, na usinionee huruma. Zunguka mbele, mlango uko wazi. Njoo na huyo mwenye meno, tembea polepole, unyooshe mkono."