Okidi ya Bafuni

Maua ya okidi yakipukutika katika hoteli moja ya Lusail, jiji la jangwani Uarabuni, chungu hutupwa na kingine huletwa siku hiyohiyo. Nyaboke, msafishaji wa vyoo vya hoteli hiyo, aliokota kimoja pipani: majani manene machache na kijiti kikavu. Rodney, Mganda anayesimamia bustani, alicheka.

"Dada, hiyo ikitoa ua, nakuhamishia kwangu bustanini."

Rodney alitania, lakini Nyaboke aliisikia kama ahadi. Alikuwa amechoka kunusa dawa ya choo.

Jioni hiyo aliipanda okidi kama mama yake anavyopanda migomba kule Kisii: udongo mweusi, samadi tele, maji mpaka yakafurika. Haukupita muda, mizizi ikaanza kunuka.

"Hiyo si ndizi!" Rodney alimwambia aliposimuliwa. "Kwao hukaa juu ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Wewe umeizika hai."

Nyaboke akaikata mizizi iliyooza, akaipanda upya katika vipande vya makaa, kisha akaitundika mahali pekee penye mvuke katika nyumba ya wafanyakazi mtaani Abu Hamour: bafuni. Kwingineko kiyoyozi kilikausha hata midomo ya watu. Loice, mlinzi wa hoteli hiyohiyo aliyeishi naye, hakufurahi.

"Nyaboke, mmea wako unanitazama nikioga."

"Utazoea. Na usifunge maji moto mapema, bado haijashiba mvuke."

"Kwa hiyo naoga kwa ajili yake?"

"Oga kwa ajili yetu sote, Loice. Umetoka zamu."

Hatimaye kijiti kipya kikachomoza, kikajaa vitumba. Asubuhi kitumba cha kwanza kilipofunguka, Nyaboke alipanda basi la kampuni akiwa amekibeba chungu. Hapo ndipo akakumbuka kwamba upepo wa baridi huangusha vitumba. Ulikuwa mwezi wa Juni, joto la jangwa likiwa kileleni, na kiyoyozi cha basi kilivuma kwa nguvu zote.

"Mwaura, tafadhali zima AC," alimwomba dereva.

"Umelogwa? Na joto hili?"

"Zima, Mwaura!" Loice akafoka. "Nimeiogea miezi yote hii. Haitafia hapa!"

Basi zima lilifika Lusail likitiririka jasho. Rodney alilitazama ua jeupe, kisha akawatazama abiria.

"Ua liko sawa. Ninyi mbona mmenyauka?"

Akamrushia Nyaboke glavu za bustani.

"Asante Mungu," Loice alisema, akijifuta shingo. "Leo nitaoga peke yangu."

Nyaboke hakumsikia. Alikuwa ameinama juu ya pipa, akivuta chungu kingine.