Bao Lililoishusha Klabu

Sauti iliyonishtua ilikuwa msonyo. Haukuwa mrefu, na mara ya kwanza nilipousikia kwenye vipokea sauti nilidhani ni hitilafu ya rekodi. Nikarudisha nyuma. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, nimeketi kwenye maktaba ya umma ya Plano, kitongoji cha Dallas, na kazi niliyojipa ilikuwa ndogo: kunakili neno kwa neno sentensi mbili za mzee mmoja Mkongomani, ambazo msimamizi wangu alitaka niziweke kama zilivyotamkwa katika mada niliyotarajiwa kuisoma kwenye kongamano la Houston Jumamosi. Sentensi hizo nilikuwa nazo tayari kwenye daftari. Ila nilipozitafuta kwenye rekodi, sikuzikuta kinywani mwake. Nilizikuta kinywani mwangu. Yeye alikuwa amesema "eeh" mara mbili, na baada ya "eeh" ya pili mtu mwingine chumbani akasonya.

Ninaandika tasnifu kuhusu historia ya klabu moja ya soka ya Moroko. Wakenya wenzangu huniuliza kwa nini Moroko, na jibu langu huwa refu kuliko wanavyotaka. Klabu yenyewe ni ya mji wa bandari. Wakati wa utawala wa Wafaransa iliundwa na wapakuzi wa meli na watu wa viwanda vya dagaa, ambao hawakupewa nafasi katika timu za walowezi. Walicheza kwenye changarawe, nyuma ya maghala, na walinzi wa bandari waliwafukuza kila mzigo mpya ulipohitaji kuwekwa pale. Baada ya uhuru walipanda hadi daraja la kwanza, wakachukua kombe, wakachukua na ligi. Kisha, katika msimu ambao wengi waliamini wangeutwaa tena ubingwa, walianza vibaya, wakaendelea vibaya, na siku ya mwisho wakashuka daraja kwa bao moja. Wakakaa chini miaka mingi. Wamerudi, wameshuka tena, wamerudi. Leo wana uwanja wa nyasi na mwenyekiti anayebadilisha makocha kama anavyobadilisha mashati, na kila wanapofungwa bao la kizembe, wazee hulitaja lile bao la siku ya mwisho.

Mara ya kwanza nililisikia Houston. Wamoroko wa huko wana mkahawa wanamokutana Jumamosi asubuhi kutazama mechi, kwa kuwa asubuhi ya Teksasi ni alasiri ya kwao. Niliendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka Dallas, nikapewa chai ya mnanaa, nikawauliza kuhusu msimu ule. Walijibu wote kwa pamoja, Kifaransa kikichanganyika na Kiarabu. Kipa ndiye aliyeuza timu, walisema. Alikuwa ameshaahidiwa nafasi na mahasimu wao, na kweli msimu uliofuata alivaa jezi yao. Mmoja alisema bao lile hata mkewe angelizuia, huku amembeba mtoto. Mwingine akamjibu kwamba mke huyo angemzuia hata mwamuzi. Walicheka, nami nikacheka.

Walinipa pia kipande cha gazeti. Kwenye picha kipa amesimama wima, mikono ameishusha kandoni, mpira unavuka mstari mbele ya macho yake. Ni picha mbaya kwa kipa yeyote. Nilipouliza kama kuna mtu anayejua aliko, wakaniambia yuko hapo hapo Houston, anaishi na binti yake, na hajawahi kukanyaga mkahawani. Niliandika pembeni mwa daftari langu: *haji mkahawani*. Chini yake nikapiga mstari. Nilidhani nimepata ushahidi.

Hata hivyo, kwa mtafiti makini, watu wa mkahawani hawatoshi. Nilihitaji mtu aliyekuwa uwanjani. Nilimpata kwa bahati ambayo sikuitarajia: katika kanisa la Kikongomani la DeSoto, kusini mwa Dallas, anakosali mwanamke anayefanya kazi na dada yangu hospitalini, kulikuwa na mzee aliyewahi kucheza winga ya kushoto katika klabu ile, miaka miwili, kabla ya kurudi Kongo, kabla ya vita, kabla ya kambi, kabla ya Amerika. Sasa anapanga masanduku kwenye ghala, zamu ya alfajiri, na saa tisa alasiri huwa yuko nyumbani. Nilimtembelea mara sita. Kila mara mke wake alipika, na kila mara mazungumzo yalifanyika mezani, kwa sababu katika nyumba ile mgeni hahojiwi wala hahoji akiwa na njaa.

Ziara ya tano ndiyo niliyokuwa naisikiliza Plano. Kwenye rekodi naanza vizuri. Ninamwuliza, "Mzee, siku ya mwisho ilikuwaje?" Kuna ukimya, kijiko kinagusa sahani, na mimi, ambaye nimesomeshwa mihula miwili juu ya kumwachia shahidi nafasi, siwezi kuvumilia ukimya huo. Ninatoa picha. Ninamweleza nilichoambiwa Houston. Halafu nasema, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwingine kukumbuka, "Kwa hiyo kipa aliuacha mpira kwa makusudi." Eeh, anasema. "Kwa sababu alikuwa tayari upande wa wale wengine." Eeh. Kisha msonyo. Kisha mimi ninaomba ugali zaidi.

Kutokana na "eeh" hizo mbili nilikuwa nimeandika sura nzima. Mbaya zaidi, nilikuwa nimeandika muhtasari wa mada, na muhtasari ulikuwa umetumwa kwa waalikwa wote wa Houston wiki moja kabla. Ulisema kwamba mchezaji mwenzake amethibitisha, kwa mara ya kwanza, kuwa kipa aliacha bao liingie kwa hiari yake. Sikumtaja jina, lakini klabu huwa na kipa mmoja kwa siku moja. Kipa huyo, mtu mwenye umri wa kuwa babu yangu, alikuwa anaishi katika mji ambao ningesimama mbele ya watu na kumwita msaliti, na ushahidi wangu ulikuwa sauti yangu mwenyewe.

Jumatatu hiyo sikumpigia mtu yeyote. Nilifanya ninachokifanya vizuri zaidi, yaani kurekebisha maneno. Nilijaribu "inadaiwa". Nilijaribu "kwa mujibu wa kumbukumbu za baadhi ya wachezaji", nikatambua kwamba wachezaji ni mmoja na kumbukumbu hakuna. Niliandika tanbihi ya mistari kumi na mmoja juu ya ugumu wa mahojiano simulizi, na ilipokamilika nilikuwa nimemlaumu kila mtu isipokuwa aliyeshika kinasa sauti. Nikaifuta.

Jumanne alasiri nilikwenda DeSoto bila kinasa sauti. Mama, mke wa Mzee, alinifungulia mlango, akanitazama usoni, akaniambia niketi kwanza. Mzee alikuwa bado na sare ya ghala. Niliwaeleza nilichokisikia kwenye rekodi. Nilisema kwamba ninaomba radhi kwa kumwekea Mzee maneno mdomoni, na kwamba nimeelewa Mama alinisonya, na kwamba nilistahili.

"Wewe?" Mama akasema. "Mimi sikukusonya wewe, mwanangu. Nilimusonya huyu."

Mzee akaangalia viatu vyake.

"Papa, mwambie mutoto," Mama akasema. "Asiende kule kusema uongo yako."

Alichukua muda mrefu, na safari hii niliuacha ukimya ukae. Alianza kwa kujitetea. Alisema nilikuwa mgeni, tena mgeni aliyesoma, nimekuja na gazeti. Chakula kilikuwa mezani. Je, angenibishia huku mkono wangu uko kwenye sahani yake? Kwao mtu hafanyi hivyo. Angeniacha nile, nami ningerudi siku nyingine, na siku nyingine angenieleza. Ila nilipokuja mara ya sita niliuliza mambo ya kambi za mazoezi na mishahara ya makocha. Sikuuliza tena kuhusu bao, kwa kuwa nilishaweka alama ya tiki.

Niliamini alikuwa amemaliza. Mama hakuamini. Aliendelea kumtazama.

"Mupira niliurudisha mimi," Mzee akasema.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, alieleza. Dakika chache kabla ya mwisho alirudi nyuma kusaidia ulinzi, akaukuta mpira kwenye mguu wake wa kulia, na badala ya kuupiga nje akaurudisha kwa kipa. Ulikufa kwenye dimbwi. Mshambuliaji wa wapinzani akauwahi. Kipa alikuwa ameshatoka golini kuupokea, akapitwa, akageuka. Picha ilipigwa hapo, alipokuwa amegeuka na hakuna tena la kufanya.

"Ile mguu ya kuume," Mama akaniambia, "hata leo inachelewa kwa breki."

Mzee akacheka kidogo, kisha hakucheka. Alisema kwamba katika chumba cha kubadilishia nguo kipa hakumtaja. Magazeti yalipoandika, kipa hakumtaja. Mashabiki walipovunja madirisha ya nyumba ya wazazi wa kipa, bado hakumtaja, bali aliihama klabu. Yeye, Mzee, alikuwa mgeni katika nchi ile, Mwafrika mweusi aliyeletwa kwa sifa, na alijua wangemfanya nini. Hivyo alinyamaza. Kila mwaka mpya hupigiana simu, Dallas na Houston, huulizana habari za watoto, na bao halijatajwa hata mara moja.

Nilimwuliza kama ananiruhusu kuyaandika hayo. Nilitazamia akatae, na sehemu yangu moja, sioni haya kukiri, ilitamani akatae, ili nibaki na tanbihi yangu.

"Andika," alisema. "Lakini kwanza umupigie yeye. Asiyasikie kwa bantu wengine."

Akaniandikia namba kwenye karatasi ya kufungia mkate.

Nilikaa nayo Jumatano nzima. Nilitunga la kusema kwa Kifaransa, nikalipanga katika hoja, nikaona hoja ya tatu inatangulia ya pili, nikalipanga upya. Nilijiuliza kama muhtasari ulikuwa umemfikia. Nilijiuliza kama ningepaswa kumpitia binti yake kwanza, kwa heshima, au kama huko ndiko kujificha. Asubuhi ya Alhamisi nilimwandikia msimamizi kwamba ninaiondoa mada ya Jumamosi, na kwamba sababu ni kosa langu. Kisha nikapiga.

Alipokea mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu asiye na haraka. Nilijitambulisha, nikasema aliyenipa namba ni nani, naye akauliza kwanza kama winga hajambo na kama bado anafanya kazi akiwa na umri ule. Nilijibu. Halafu nikamwambia kwamba niliandika jambo juu yake bila kumwuliza, kwamba watu wamelisoma, kwamba si kweli, na kwamba nimekwisha kuambiwa na aliyeurudisha mpira.

 

"Nisomee ulichoandika," akasema.

Nikamsomea sentensi ile. Akaniomba nirudie, polepole, nikarudia.

Nikamwuliza, "Je, uliuacha mpira kwa makusudi?"

"Hapana," akasema. Kisha akaniambia kwamba tangu siku ile wengi wamemweleza alichofanya, lakini hakuna aliyemwuliza. Akataka kujua kama nina nafasi, maana maelezo yake hayakuwa mafupi. Nikamwambia ninayo.