Funda la Kwanza

Padre alipowaita wanawake waliojitolea "wamisionari walei" mbele ya waumini wote, Bonifasia alimsogelea Dafroza kwenye benchi akanong'ona, "Mmisionari gani huyu, anatoka Mabawe anaenda Murusagamba? Mimi nilijua mpaka uvuke bahari."

"Na ndevu uwe nazo," Dafroza akajibu, akauficha uso kwenye kitenge.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1993. Warundi walikuwa wamevuka mpaka kwa maelfu wakikimbia mauaji, wakapiga kambi Murusagamba, na kuhara damu kulikuwa kumewavamia. Parokia iliomba akina mama wa kujitolea, wiki mbili kila zamu. Bonifasia alikuwa na watoto wanne nyumbani, na wa tano alikuwa amelala nyuma ya nyumba, chini ya migomba, miaka sita sasa. Huyo alikufa kwa kuhara. Siku zile wanawake wa jumuiya ndio waliomchotea maji na kumpikia mpaka alipoweza kusimama tena. Kwa hiyo padre alipouliza nani yuko tayari, mkono wake uliinuka, ingawa moyo ulikuwa unakataa.

Alikwenda na tahadhari zake. Alibeba kikombe chake mwenyewe, cha bati, akakifunga kwenye ncha ya kitenge, na humo hakunywa mwingine. Maji yake aliyachemsha mwenyewe. Mikono aliiosha kwa sabuni mpaka ikapauka. Hema la wagonjwa lilisimamiwa na muuguzi Bulugu, kijana wa Kisukuma kutoka Nyabusozi, Biharamulo, na sheria yake ya kwanza ilimfurahisha Bonifasia: mhudumu asiguse kwa mdomo kikombe cha mgonjwa.

Siku ya tatu aliletwa mwanamke aitwaye Esperansia, pamoja na binti yake wa miaka minne, Scola. Walilazwa mkeka wa nne. Dripu zilikuwa zimekwisha. Iliyobaki ni maji ya chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Esperansia hakunywa. Bonifasia alipomsogezea Scola kikombe, mama mtu aliinua mkono uliokuwa hauna nguvu hata ya kufukuza nzi, akauziba mdomo wa mtoto.

"Mama mmisionari," Bulugu akasema mchana huo, "yule wa mkeka wa nne vipi? Au anasubiri soda?"

"Hanywi, daktari."

"Wasipokunywa leo, kesho hatutakuwa nao. Wote wawili. Ongea naye, lugha yenu si ni moja?"

Lugha haikuwa shida, Kihangaza na Kirundi vinasikilizana. Bonifasia alibembeleza, akasali, akanyamaza. Aliponyamaza ndipo akaanza kutazama. Esperansia hakuwa anakiangalia kikombe. Alikuwa anamwangalia yeye mdomoni.

Bonifasia aliona aibu. Kwao Wahangaza, kama kwa Warundi, anayemletea mgeni kinywaji huonja kwanza, funda moja, mbele ya macho yake, ndipo anamkabidhi. Hata siku alipoolewa, mama mkwe alikunywa kwanza ile pombe ya ndizi kabla ya kumpa. Mtu asiyeonja ana jambo analolificha. Na huyu mwanamke ametoka mahali ambapo jirani amemgeuka jirani, amelala kwa watu asiowajua, halafu anakuja mtu na kikombe kilichojaa, anamwambia kunywa. Siku tatu Bonifasia alikuwa akiwapa watu maji kama mchawi, kwa sababu ya kuwaogopa.

Akaenda kuosha kikombe upya. Akachota, akachuchumaa mahali Esperansia angeweza kumwona vizuri, akapiga funda moja, akameza, akasubiri kidogo. Kisha akakitoa kwa mikono miwili.

Mkono wa Esperansia ulitoka kwenye mdomo wa mtoto. Scola alikunywa kwanza. Mama akamalizia.

"Mama," sauti ya Bulugu ikatokea nyuma, "mimi nilisemaje?"

"Ulisema nisiguse kikombe cha mgonjwa. Hiki kilikuwa bado hakijawa chake. Nimeonja kabla yake, si baada."

Bonifasia akamweleza yale ya funda, naye Bulugu akasikiliza huku amekunja uso. "Kwetu Nyabusozi mgeni anapewa, anakunywa, basi."

"Ninyi mna ng'ombe wengi, mnaaminiana."

Bulugu akacheka bila kupenda. Kesho yake aliwaagiza wahudumu wote waonje, ilimradi kikombe kimeoshwa kwa dawa.

Zamu ilipokwisha, Esperansia alikuwa anatembea. Alimwita Bonifasia kwenye kibanda chake cha matawi na majani ya migomba. Alikuwa amepika uji wa mtama. Kikombe kilikuwa kimoja tu. Akakijaza, akapiga funda, akameza, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Bonifasia alishika ncha ya kitenge. Angeweza kusema ameshiba. Angeweza kufungua fundo, atoe kikombe chake, aombe amiminiwe humo. Aliwaza wanne waliokuwa wakimsubiri, akawaza migomba ya nyuma ya nyumba. Scola alikuwa amesimama anamtazama mdomoni.

Akapokea. Akanywa mpaka chini.

Nyumbani hakulala vizuri. Kila mtoto aliyeelekea chooni alimfuata kwa macho. Mumewe, Emilian, akachoka.

"Unawachunguza nini hawa?"

"Nilikunywa uji kwa watu. Kikombe kimoja na mgonjwa aliyepona juzi."

Emilian aligeuka akaitazama migomba. Naye alikuwa amelichimba lile kaburi dogo.

"Ungeweza kukataa?"

"Hapana."

"Ulikuwa mzuri?"

"Ulinuka moshi."

Siku ya nane ikapita, ya tisa ikapita, hakuna aliyeumwa. Wiki iliyofuata pikapu ya parokia ilipokuja kuchukua zamu nyingine, Bonifasia alikuwa wa kwanza kupanda. Kikombe cha bati alikibeba tena kwenye ncha ya kitenge. Safari hii alikuwa anampelekea Esperansia, ili yeye na binti yake wawe na viwili.