Marashi Juu ya Kijiji cha Jirani

Juzi nilikuwa harusini hapa Riyadh, kwa watu wa kwetu wenye asili ya Unguja. Msichana akapita na mrashi akinyunyizia wageni marashi ya waridi, nami, mtu mzima na miwani yangu, nikaruka nikaficha mkoba mgongoni. Meza nzima ikacheka. Laiti wangejua! Kaa nikuhadithie wewe.

Nimekulia Jeddah, katika uchochoro mmoja karibu na Al-Safa. Bibi yangu alitoka Unguja na baba yangu akiwa mchanga, na nyumba yake haikuacha kunukia Unguja: asubuhi mkate wa kumimina, alasiri chai ya tangawizi, Ijumaa udi mpaka tunapiga chafya. Kazi yangu ilikuwa kupepea makaa ya chetezo. Kwa Bibi, chochote cha heshima kilifukizwa udi na kutiwa marashi: mgeni, bi harusi, kanzu za Idi, hata maiti. "Heshima haikai kavu," akisema.

Jirani yetu alikuwa mzee wa Kichina, Mwislamu, ambaye wazee wake walikuja kuhiji wakabaki. Alituletea mantu za moto, zile za unga zilizojazwa nyama zikapikwa kwa mvuke, na Bibi hakurudisha sahani tupu hata siku moja. Kiswahili alikiokota barazani kwetu.

Alikuwa na picha moja ya wino, ndefu kama mkeka, imekunjwa kwenye kijiti. Hakuitundika ukutani. Aliifungua siku ya Idi tu, kipande kwa kipande kutoka kulia, mkono mmoja ukifungua na mwingine ukikunja, nasi tukatembea kijijini kwa macho: daraja, mto, wanawake wanafua, msikiti wenye paa lililopinda pembeni.

Aliyeichora ni babu wa babu yake, ofisa katika jeshi la mfalme wa Uchina. Mchana alifundisha askari kupanda farasi. Jioni alinawa mikono akachora mianzi. Ikaja amri: kijiji hiki kimeasi, kichomwe. Nacho kilikuwa kijiji cha Waislamu kama yeye. Angekataa, angekatwa kichwa na kuletwa mwingine. Basi akaomba siku moja, akakaa kilimani, akakichora chote, nyumba baada ya nyumba. Kesho yake akakichoma. Hakushika tena upanga wala brashi. Cha kijiji kile kilichobaki duniani ni ile picha.

"Kisha akafanya nini?" tuliuliza kila mwaka.

"Kisha akalia," akajibu mzee. "Yalla, kuleni."

Mwaka mmoja mzee akaenda hospitali kupasuliwa jicho, akamwachia Bibi picha. "Mama, hawa ndio watu wangu, nitunzie." Bibi akaipokea kwa mikono miwili. Na wewe umeshamjua Bibi.

Akaifukiza udi. Akaitandaza yote juu ya meza, akachukua mrashi, na siyo matone mawili matatu, aliimwagia kama anamwagia bi harusi. Mimi nimeshika chetezo. Wino ukaanza kutembea. Bibi akahamaki, akavuta kanga akafuta, na hapo ndipo alipoimaliza. Mto ukapanda ukaingia msikitini, nyumba zikawa moshi mtupu.

"Lo! Nimefanya nini mie? Nimefanya nini?"

Nikasimama na makaa yangu. Nilitaka aje mtu mzima atengeneze, na mtu mzima ndiye huyo analia. Baadaye alisema maji yakimwagika hayazoleki, akasema tena na tena, wala haikumsaidia.

Mzee aliporudi, Bibi alimpelekea mwenyewe, akapiga magoti mlangoni. Mzee aliitazama sana kwa lile jicho moja lililo wazi. Nilimwomba Mungu mzee apige kelele. Wapi!

"Simama, mama," akasema. "Babu alikichoma na hakutaka. Nawe hukutaka. Halas."

Jioni akaja barazani kama kawaida, lakini chai ilimshinda.

Tangu siku ile wakawa wanaitandaza baina yao wale wazee wawili, doa tupu, wanatafuta. "Msikiti ulikuwa hapa," anasema mzee. "A-a, jirani, hapo ni daraja," anasema Bibi. "Daraja huku!" "Huko walikuwa wanafua!" Wanabishana mpaka chai inapoa. Nami nilitamani kuwaambia nani yuko sahihi, lakini na mimi nilikuwa nimeanza kusahau.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki. Uchochoro nao umebomolewa. Nilipokwenda Jeddah nilikuta uwanja wa vumbi na uzio wa mabati, sikujua hata nisimame wapi niwasomee Fatiha. Nikampigia dada yangu anielekeze: mlango wa yule mzee ulikuwa kabla ya tanuri la mkate au baada? Yeye anashikilia kabla. Mimi naapa ni baada. Tumeshakatiana simu kwa hasira mara kadhaa, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza.