Mama Mkubwa wa Mtoto Wake

Mtaani kwetu aliitwa Mama Sare, kwa kuwa watoto wengi wa shule walivaa nguo zilizotoka kwenye cherehani yake. Alikuwa na maneno. Ukimpelekea kaptura iliyochanika makalioni, alikuuliza kama shuleni siku hizi wanafundishwa kusoma au kuteleza.

Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa kike. Alimwogesha, akamsuka, akamsomesha. Mama Sare alipoolewa na dereva wa lori la saruji, mwanamume mpole asiye na makuu, alihamia na mdogo wake kwa mume. Huko akajaliwa binti mmoja.

Mtoto alikuwa bado ananyonya ugonjwa ulipomshika Mama Sare uti wa mgongo. Alidhani ni uchovu wa kuinamia cherehani, mpaka asubuhi moja miguu ikakataa kumbeba. Hospitali iliyoweza kumtibu ilikuwa mbali. Daktari alisema matibabu yatakuwa marefu, na huenda asipone.

"Mwanangu nakuachia wewe," alimwambia mdogo wake.

"Usijali, Dada. Si ni mwanangu pia?"

Mwanzoni mume na mdogo wake walikwenda kumwona. Baadaye wakawa wanapiga simu tu. Mwishowe simu zake zikawa hazipokelewi, naye akajidanganya kwamba ni mtandao. Wodini alijifunza kutembea upya, akishika kitanda hiki na kile, huku akiuwaza uso wa binti yake.

Aliporuhusiwa, baada ya karibu miaka mitatu, hakumwambia mtu, alitaka kuwashtukiza. Alifika nyumbani mchana, akiegemea mkongojo. Mdogo wake alikuwa jikoni, mjamzito, amevaa gauni ambalo Mama Sare alijishonea mwenyewe. Lilikuwa limefumuliwa ubavuni ili tumbo lienee.

Walitazamana. Kisha mtoto akatoka chumbani mbio na kujificha nyuma ya gauni lile.

"Mama, huyu nani?"

Mama Sare alifungua mdomo, lakini mdogo wake alimwahi.

"Ni mama mkubwa. Msalimie."

"Shikamoo, mama mkubwa," mtoto akasema.

Mume aliporudi hakukana chochote. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Daktari alisema hutapona," alisema.

"Alisema huenda."

"Nilikuwa na mtoto mchanga ndani. Ulitaka nifanye nini?"

"Unisubiri."

Akainamisha kichwa. Ule upole aliompendea siku zote sasa ulimchukiza Mama Sare.

Alipanga chumba nyuma ya karakana ya mbao, cherehani ikamfuata kwa mkokoteni. Hakuigusa. Alilala akitazama dari huku msumeno ukilia ng'ambo ya ukuta. Wenzake wa kanisani walikuja kumpa pole, na katika mazungumzo ikamdhihirikia kuwa baadhi yao walijua kitambo. "Samehe tu, utapata amani," walimwambia, kama wanaomwambia mtu ameze panadoli. Akaacha kuwafungulia. Akaacha kula. Vidonge vya hospitali hakuvimeza tena. Alivikusanya kwenye kopo, na alijua anavikusanyia nini.

Alasiri moja, siku ya kazi, alikwenda kanisani. Hakwenda kusali, alikwenda kugombana. Alisimama mbele ya madhabahu, akaanza.

"Ulijua. Mimi nahangaika kusimama kule, wewe unawatazama hapa. Ulikuwa unatazama nini? Kwa nini uliniponya, ili nije nione haya?"

Alisema mengi, mengine hayasemeki kanisani. Nguvu zilipomwishia aligeuka, akamwona mama mfagiaji amesimama kati ya mabenchi na ufagio wake.

"Samahani," Mama Sare akasema. "Sikujua kuna mtu."

"Endelea tu. Mimi nafagia huku."

Akaendelea kufagia kweli. Mama Sare akaketi, macho yakaangukia msalaba ukutani. Habari za yule aliyebusiwa na rafiki yake ili akamatwe alizijua tangu utotoni, mpaka zilikuwa zimemchosha. Lakini siku ile alifikiria jambo moja: kwamba wale wanafunzi wake walikula naye, aliwaosha miguu, kisha wakamkimbia. Kwa mara ya kwanza maishani alimwonea Yesu huruma.

"Kumbe na wewe," alisema kwa sauti ndogo.

Ndipo machozi yakaja, yale ambayo hayakuja tangu siku aliporudi nyumbani. Mfagiaji alimletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akamwacha.

Aliporudi kwake alianza tena kumeza dawa kama alivyoandikiwa. Wiki zile hazikuwa rahisi. Kuna siku aliamka akijuta kuamka. Lakini alikuwa na wa kumwambia, asiyehitaji kuelezwa kwanza jinsi inavyouma. Akarudi kwenye cherehani. Mchungaji alipokwenda kuzungumza na baba mtoto, ikakubaliwa binti awe anashinda kwa Mama Sare kila Jumamosi. Mtoto hukaa chini akicheza na vitambaa. Bado hajui amwite nani, na Mama Sare hamlazimishi.

Mdogo wake alijifungua mvulana. Hawasalimiani. Ukipita karibu na chumba kile asubuhi utamsikia Mama Sare akisali, maana hana sala ya kunong'ona. Huwataja wagonjwa, majirani, hata fundi wa msumeno. Mwisho hufika kwa mdogo wake.

"Huyu bado siwezi," husema. "Mshike wewe mwenyewe."