Mlima wa Pamba Nyuma ya Kaunta

Mimi ni fundi wa taa na mapambo hapa Kasese, na kiburi changu ndicho kilichoniponza. Mama Biira, aliyekuwa anafungua klabu mpya kule Bwera, alinipigia simu.

"Fundi, mutu akiingia tu asikie baridi. Nataka barafu, barafu ya kutosha."

Sikuuliza chochote. Nilijua anataka klabu ifanane na vilele vya Rwenzori. Wiki mbili nzima nilipaka kuta rangi nyeupe, nikajenga mlima wa pamba nyuma ya kaunta na kuuzungushia taa za buluu mpaka soketi zote zikajaa. Picha niliwatumia hata wakwe zangu.

Asubuhi ya ufunguzi Mama Biira alifika na pikapu iliyobeba friji tatu kubwa. Aliutazama mlima kwa muda mrefu.

"Fundi, iko muzuri sana," alisema kwa upole. "Lakini mimi nilisema barafu ya bia. Sasa hizi friji tunaweka wapi?"

Wapakuzi walisimama mlangoni na friji ya kwanza mikononi, wote wakinitazama mimi. Nikapanda juu ya kaunta, nikaanza kung'oa pamba.