Research yangu ya sheria za EPZ ilivyookoa shamba la shangazi kule Masukulu

Habari za huko mliko wakuu. Hapa Tukuyu mvua haijakatika tangu asubuhi, nikaona nitulie niwape kisa hiki. Kimenitokea mwenyewe, chumvi sijaweka.

Nilisoma sheria. Research yangu ya mwisho chuoni ilikuwa historia ya sheria za EPZ, yale maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, yenye unafuu wa kodi.

Nikamaliza, ajira hakuna, nikarudi nyumbani kulima parachichi. Watu wakaniita "wakili wa migomba". Iliniuma, sitawadanganya.

Mwaka jana shangazi yangu, mjane anayeishi kijiji cha Masukulu, akanipigia analia.

Kuna jamaa kaja kijijini na ramani ya rangi. Anasema eneo lote linakuwa EPZ na sheria inaruhusu serikali kuchukua ardhi bure, hivyo bora wamuuzie yeye mapema, hata kwa bei ya kutupa. Majirani wawili walishasaini. Shangazi alikuwa asaini kesho yake kwenye kikao.

Asubuhi nikawahi kikaoni. Hata mahakamani sijawahi kusimama wakuu.

Nikawaeleza: sheria ya EPZ ilikuja 2002, ya SEZ, yaani maeneo maalumu ya kiuchumi, ikafuata 2006, juzijuzi zikaunganishwa. Zote hizo hazijafuta haki yenu ya fidia. Na eneo haliwi EPZ kwa ramani ya mtu, linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali.

Nikamgeukia jamaa. "Kaka, tangazo namba ngapi?"

"Liko njiani."

Shangazi akainuka. "Basi na saini yangu iko njiani."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akashindwa kuwatuliza. Jamaa akatoka kupokea simu, hakurudi. Zile karatasi za majirani halmashauri ya kijiji ilizikataa.

Mwenyekiti akaniambia, "Ndaga fijo, asante sana, binti. Sasa kaa utufundishe habari za hati za kimila za kumiliki ardhi."

Shangazi hati yake kaipata mwezi uliopita.

Msinielewe vibaya, EPZ siipingi. Kije kiwanda cha kufungasha parachichi Rungwe, nitashangilia wa kwanza.

Nilichojifunza: mtu akikutisha kwa sheria, mwambie akuonyeshe ilipoandikwa.

Jumamosi naenda Kinyala, wakulima wa kule nao wameniita. Wenye ndugu waliopisha EPZ ya kweli, fidia yenu ilikwendaje? Semeni hapa, nataka niwafikishie na ya kwenu.